UZI: Mwaka 2020 nilifungiwa Bergamo na masista wazee waliowahi kuwa wamisionari kwetu

#1 Sista wa Milimani (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wasio wa imani yangu, habari za jioni wakuu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo leo. Wiki iliyopita kulikuwa na uzi hapa unaosema wamisionari ni watu wa kuja wakati wa neema na kuondoka mambo yakiharibika, na kwamba korona ndiyo iliyowaumbua. Nilitaka kujibu kule kule, nikaona maneno yanazidi, tena jibu langu si la ndiyo wala hapana. Nimeona nifungue uzi. Naandika kwa simu, nikikatisha mjue nimeingia zamu.

Ni mtawa, mzaliwa wa Iringa. Shirika langu sitalitaja, wala kijiji, maana wengine wangali hai na sijawaomba ruhusa. Mwaka 2018 nilitumwa Italia. Wengi nyumbani walidhani naenda kusoma. Hapana, nilikwenda utumeni. Mmisionari ni mimi, na nchi ya utume wangu ni Italia. Nilipangiwa nyumba ya masista wazee mkoani Bergamo, kwenye Bonde la Seriana. Tuliowahudumia walikuwa 19, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 74. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wameishi Tanzania, Kenya na Kongo mpaka nguvu zikawaishia, wakarudishwa kwao.

Kulikuwa na mmoja, mkunga, aliyefanya kazi nyanda za juu kusini miaka 41. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kiitaliano chake cha kuzaliwa kilikuwa kinampotea neno baada ya neno, Kiswahili kikabaki. Asubuhi nikigonga, "Hodi Mama," anaitika, "Karibu! Kamwene!", ile salamu ya kwetu Iringa. Kisha ananiuliza kama yule mama wa jana usiku amejifungua salama. Kila siku swali lile lile. Mwanzoni nilijaribu kumweleza kwamba tuko Italia, akawa analia. Nikaacha. Nikawa namjibu, "Salama Mama, mtoto wa kike." Naye anasema, "Ashukuriwe Mungu. Mpeni uji mwepesi."

Basi Februari 2020 ikafika. Tarehe 21 tukasikia habari ya mgonjwa wa Codogno, kusini mwa Milano. Siku mbili baadaye ugonjwa ukasemwa uko hospitali ya Alzano, mlangoni kabisa mwa bonde letu. Tarehe 8 Machi Lombardia, eneo lote lenye Milano na Bergamo, ikafungwa, kesho yake nchi nzima. Misa za watu kwetu zilikuwa zimesimama tangu Februari, na hazikurudi mpaka tarehe 18 Mei. Ukitaka kwenda duka la dawa lazima ubebe fomu uliyoijaza na kuisaini mwenyewe, umeandika unatoka wapi, unakwenda wapi na kwa nini.

Ngoja nihudumie chakula cha jioni, nitaendelea.

#2 Mzee wa Kihesa

Milele Amina. Sista naweka kambi hapa. Hiyo "kamwene" imenigusa pabaya.

#3 Bandari Salama

Mleta uzi, endelea. Ila na mimi nina swali, usiliruke: kwani si kweli kwamba mwaka 2020 wamisionari wengi wa kigeni walipanda ndege wakarudi kwao? Wamormoni walirudisha nyumbani makumi ya maelfu ya vijana wao. Ile meli ya hospitali, Africa Mercy, ilikuwa Dakar, ikaondoka mwezi Machi wagonjwa wa upasuaji wakiwa bado kwenye foleni. Hayo si maneno ya kuzusha.

#4 Sista wa Milimani

Bandari Salama, si ya kuzusha, ni kweli. Nitafika hapo, na nitakuja na jambo zito zaidi ya hilo. Nimalizie kwanza ya nyumbani kwetu.

Katikati ya Machi ving'ora vya magari ya wagonjwa vilikuwa havikatiki, usiku na mchana. Bonde lile ni jembamba, sauti inagonga mlima huu inarudi na mlima ule, kwa hiyo gari moja unalisikia kama matatu. Kengele za misiba zikanyamazishwa kwenye baadhi ya vijiji, maana zingelia kutwa nzima zikawatia wagonjwa hofu. Gazeti la pale, L'Eco di Bergamo, ambalo kawaida lina ukurasa mmoja au miwili ya matangazo ya vifo, tarehe 13 Machi lilitoka na kurasa kumi. Masista wazee walizoea kulisoma kuanzia ukurasa huo, wajue nani wa kumwombea. Siku ile Mama Mkuu alilificha. Tarehe 18 usiku malori ya jeshi yakabeba majeneza kutoka Bergamo kuyapeleka miji mingine, kwa sababu tanuri la kuchomea maiti lilikuwa limeelemewa. Picha ile mliiona wote. Baadaye shirika la takwimu la Italia lilitangaza kwamba vifo vya mkoa ule kwa Machi 2020 vilipanda kwa asilimia 568 kupita wastani wa Machi za miaka mitano ya nyuma.

Ndani tulifunga chumba cha kulia na kikanisa. Kila sista chumbani kwake. Tuliobaki na nguvu za kuhudumia tulikuwa wanne: mimi, mwenzangu kutoka Kenya, mmoja wa India na Mama Mkuu mwenyewe, mwenye miaka 70. Wafanyakazi wa kutoka nje waliugua au walikatazwa kuja.

Kilichotushikilia ni rozari ya ukumbini. Saa kumi na moja jioni milango yote ya vyumba inafunguliwa, kila mmoja anakaa kwenye kiti kizingitini pake, mimi nasimama katikati ya korido naongoza. Walianza kwa Kiitaliano. Siku ya tatu, nilipomaliza "Salamu Maria" moja kwa Kiswahili kwa ajili ya yule mkunga, sauti sita zikaitikia kutoka milangoni: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu." Mmoja alitamka kwa lafudhi ya Bukavu, mwingine kama mtu wa Meru. Sikujua kama wale wa mwisho wa korido bado wanakikumbuka. Tangu siku ile fumbo la tatu likawa la Kiswahili mpaka mwisho.

Tarehe 27 Machi tuliegemeza simu kwenye kiti cha magurudumu, tukamtazama Papa Fransisko peke yake kwenye Uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua inanyesha, na ule msalaba wa kanisa la San Marcello uliozungushwa Roma wakati wa tauni ya mwaka 1522. Kufikia siku hiyo tulikuwa tumeshazika watatu. Nasema tumezika, lakini hatukuzika. Wanaume wawili waliovaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima waliingia, wakamfunga marehemu kwa shuka lililolowekwa dawa, wakafunga jeneza, wakaondoka. Mtawa aliyevaa vazi lake miaka 60 hakuvikwa vazi. Mama Mkuu aliwaomba waweke hata rozari. Mmoja aliipokea akaifutafuta kwa dawa, akaiweka juu ya shuka. Alikuwa kijana mdogo tu, na mikono yake ilikuwa inatetemeka.

#5 Mtoto wa Mchungaji

Dada Sista, pole sana. Mimi ni mlokole, lakini hili halina dhehebu. Niongezee kwa wanaosema wamisionari walikimbia: wakati huo huo Samaritan's Purse, shirika la Kikristo la misaada la Marekani, ilipeleka ndege Italia ikasimika hospitali ya mahema kwenye maegesho ya hospitali ya Cremona, vitanda 68. Watu waliacha nchi yao wakaingia palipokuwa panawaka. Tukitaja walioondoka tuwataje na walioingia.

#6 Kisima cha Kale

Na yule padre wa huko huko aliyenunuliwa mashine ya kupumulia na waumini wake akampa kijana asiyemjua, akafa yeye? Kanisani kwetu ilihubiriwa mpaka watu wakalia.

#7 Sista wa Milimani

Mtoto wa Mchungaji, asante ndugu yangu. Cremona haiko mbali na kwetu, na habari zao zilitufikia.

Kisima cha Kale, nitakujibu kwa upole, maana najua hadithi ile iliwatia watu moyo. Padre Giuseppe Berardelli alikuwepo kweli, paroko wa Casnigo, bonde letu hili hili, miaka 72. Alifariki katikati ya Machi hospitalini Lovere. Mazishi hayakuruhusiwa, watu wake wakatoka kwenye vibaraza vya nyumba zao wakampigia makofi. Hiyo ni kweli. Habari ya mashine si kweli, watu wa jimbo lake waliikanusha mapema. Alikuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine na mwili ulishindwa. Jimbo la Bergamo lilipoteza mapadre zaidi ya 20 kwa mwezi ule, na wengi wao walikufa hivyo hivyo, bila tendo la kusimuliwa: waliwatembelea wagonjwa, wakaambukizwa, wakafa. Mimi naona hiyo inatosha. Sipendi tunapowaongezea.

Kitu kimoja zaidi kuhusu jimbo lile. Askofu Francesco Beschi, alipoona mapadre hawawezi kuingia hospitalini, aliwaambia walei kwamba kwa ubatizo wao, mtoto anaweza kumbariki mzazi wake anayekufa. Mama Mkuu aliposoma maneno hayo alinitazama akasema kwa Kiitaliano, "Basi na wewe." Ndipo nilipoanza kuwawekea mkono kichwani.

#8 Bandari Salama

Sista, nakusoma kwa heshima zote. Ila niseme linalosemwa mitaani. Hayo mashirika yana nyumba zimejaa wazee, miito Ulaya imekauka, wanachukua mabinti wa Kiafrika kwenda kuwaogesha. Muuguzi wa kizungu analipwa, sista wa Kiafrika anaambiwa "utume". Huo ni umisionari au ni kibarua?

#9 Mzee wa Kihesa

Bandari mbona unamshambulia Sista wa watu.

#10 Sista wa Milimani

Mzee wa Kihesa mwache, hajanishambulia. Swali hilo tunalo hata sisi wenyewe, tunaulizana jikoni usiku.

Kuna wenzetu walioahidiwa masomo wakaishia kufua na kupika miaka sita, karatasi zao za ukaazi mkononi mwa mtu mwingine. Nimewaona kwa macho yangu. Hiyo ni dhuluma, na kuiita utume ni kulikosea jina la utume. Sitaitetea hata siku moja.

Kwangu mimi haikuwa hivyo. Niliulizwa nikakubali, na tiketi ya kurudi nilikuwa nayo. Mwanzoni mwa Machi, kabla anga haijafungwa, mkuu wetu wa Tanzania alinipigia: "Kama unataka kurudi, rudi, hakuna atakayekulaumu." Nililala na simu mkononi. Asubuhi nikaenda kwa yule mkunga, hodi, kamwene, akaniuliza habari za mama aliyejifungua. Nilimpigia mkuu kumwambia nabaki. Sikubaki kwa ushujaa. Kama ningeondoka, nani angemjibu swali lake kwa lugha anayoielewa?

Sasa lile jambo zito, na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Mjini Bergamo kuna shirika la Masista wa Maskini, wanaitwa Wapalazzolo kwa jina la mwanzilishi wao Luigi Palazzolo, aliyetangazwa mtakatifu Mei 2022. Mwaka 1995 masista wao sita walikufa kwa Ebola huko Kikwit, Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire. Wa kwanza, Sista Floralba Rondi, alikuwa akihudumu chumba cha upasuaji cha hospitali kuu. Alifariki tarehe 25 Aprili. Waliomuuguza wakamfuata: Clarangela Ghilardi, Danielangela Sorti, Dinarosa Belleri. Sista Annelvira Ossoli, mkuu wao, alitoka Kinshasa kwenda kuwa na masista zake, naye akafa. Wa mwisho, Vitarosa Zorza, naye alitoka Kinshasa kwa hiari yake, akafa tarehe 28 Mei. Mwaka 2021 Papa Fransisko alitambua fadhila zao za kishujaa. Nyumbani kwetu picha ya wote sita ilikuwa ukutani, karibu na ngazi, na wakati wa kufungiwa nilipita mbele yake labda mara arobaini kwa siku nikiwa na sinia.

Lakini Kongo hiyo hiyo ina habari nyingine tusiyopenda kuihubiri. Mwaka 1976, Yambuku, hospitali ya misheni ya masista wa Kibelgiji. Sindano tano zilikuwa zinatolewa asubuhi zitumike kwa wagonjwa wa nje siku nzima, zinasuuzwa tu kwa maji kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ebola ikapita humo humo. Waliougua ni 318, waliokufa 280, na masista wenyewe wamo. Hawakuwa watu wabaya. Walibaki na wagonjwa wao, na kubaki kwao kulisambaza kifo.

Ndiyo maana, Bandari Salama, meli ile ya Dakar siwezi kuilaumu. Mamia ya watu wanalala ndani ya chuma kimoja, ugonjwa ukiingia mle wao ndio wanaoupeleka mjini. Kuna kuondoka kwa woga na kuna kuondoka ili usiue. Kwa nje vinafanana.

Na mimi sasa. Wiki mbili za kwanza hatukuwa na barakoa za kutosha. Nilivaa moja ya kitambaa niliyoshona mwenyewe kutokana na kitenge, na aproni moja. Nilitoka chumba namba 4 nikaingia namba 5, nikatoka namba 5 nikaingia namba 6, nanawa mikono, nabadilisha sinia, aproni ni ile ile. Namba 4 aliugua. Namba 5 akaugua. Namba 6 alikuwa mkunga wangu.

#11 Mtoto wa Mchungaji

Sista, usijitwike hilo. Bonde zima lilikuwa limeambukizwa, hata madaktari walikuwa hawajui.

#12 Sista wa Milimani

Padre aliyenipa kitubio mwezi Juni alisema hivyo hivyo. Namwamini, na bado naliweka hapa wazi, kwa sababu anayetaka kuwa mmisionari leo ajifunze kuvaa na kuvua aproni kabla hajajifunza kuhubiri. Sasa nawafundisha hivyo wanovisi wetu, wanaojiandaa kuwa watawa, kwa njia ya video, na siombi radhi kwa ukali wangu.

Mkunga alishikwa na homa tarehe 29 Machi. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, kilisoma 84. Daktari aliongea nasi kwa simu, akasema akipelekwa hospitali hatapewa chumba cha mahututi kwa umri wake, na hatutaruhusiwa kumwona. Mtungi wa oksijeni ulikuwa wa kutafuta, maduka ya dawa yalikuwa yanawasihi watu warudishe mitungi mitupu ili ijazwe tena. Tulipata mmoja kwa familia iliyofiwa na baba yao asubuhi ile. Waliuacha getini na karatasi: "Tuombeeni."

Alikaa siku nne. Nilikaa naye usiku, safari hii nimevaa kila kitu kama inavyotakiwa. Uso wangu hakuuona tena, macho tu. Usiku wa tatu aliuliza, sauti inakwaruza, "Mtoto amelia?" Nikasema, "Amelia Mama, kwa nguvu." Akasema, "Basi nikalale." Nilimwekea mkono kichwani. Alifariki saa kumi na mbili kasoro alfajiri.

Watu wa kijiji alichohudumia walimpa kitenge siku anaagwa, alikuwa anajifunika magotini. Niliomba kifungwe naye. Haikuwezekana. Baadaye nguo zake zote zilichemshwa kwa dawa, kikatoka kimepauka, maua huyaoni tena. Ninacho.

#13 Kisima cha Kale

Wakati huo sisi huku Tanzania makanisa yalikuwa wazi, tulikuwa tunasali. Mlikuwa mnajisikiaje?

#14 Sista wa Milimani

Nilikuwa napiga simu nyumbani Jumapili, nasikia kwaya nyuma ya sauti ya mama, najawa na furaha na hofu kwa pamoja. Namwambia mama kaa karibu na dirisha. Anasema, "Wewe uliye kwenye moto ndiye unanionya mimi?" Aprili, zile siku tatu za maombi ya taifa, tarehe 17 hadi 19, tulizifuata sisi wanne kule ukumbini, na wazee waliobaki waliomba nao. Wengine walijua ramani ya Tanzania kuliko mimi, wakawa wanataja parokia moja moja.

Katika 19 tulibaki na 12.

Na si sisi tu. Parma, mji mwingine wa Italia, kwenye nyumba mama ya Wasaveriani, shirika la wamisionari wanaume, walifariki zaidi ya kumi ndani ya wiki chache, wazee waliokuwa wametumia maisha yao Burundi, Kongo na kwingineko. Walioko Bukavu na Uvira wanaosoma hapa huenda walibatizwa na mmojawapo.

#15 Mgeni wa Ifunda

Sista, shikamoo. Nimejiunga leo ili niandike hili tu. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa anasaidia zahanati ya misheni huku kwetu na alifanya kazi na mkunga wa Kiitaliano miaka mingi. Mama yangu alipewa jina la huyo mtawa, na mabinti wengi wa rika lake kijijini wana jina hilo hilo. Bibi bado yuko, ana miaka 88. Aliambiwa tu kwamba Sista alirudi kwao. Kila mara anauliza kama kuna aliyepata habari zake. Yawezekana siye, najua walikuwa wengi. Alikuwa na kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto, juu ya kifundo.

#16 Sista wa Milimani

Marahaba mwanangu. Jina usiliandike hapa, njoo PM.

Na usimwambie bibi kitu kwanza. Nitumie namba yake, nitampigia mwenyewe kesho baada ya masifu ya asubuhi. Ni vizuri awe amekaa, na awe na mtu karibu.